Mali ya Kijiji Haina Mtani

Siku yangu ya kwanza kazini alinilia chakula changu. Nilikuwa karani mpya wa mahakama ya mwanzo pale Tabora, binti mwenye sketi iliyoshonwa upya na viatu vinavyobana, na mama alikuwa amenifungia viazi vitamu na karanga kwenye kitambaa. Niliporudi kutoka kupeleka majalada kwa hakimu nilikuta kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya meza, ndani hamna kitu, na mzee mmoja mwenye koti zito la kahawia anajifuta mdomo. Nikamwamkia shikamoo kwa hasira. Akaitikia marahaba kwa raha zake, halafu akaniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi Mgogo, baba yangu yuko reli. Alicheka mpaka kofia yake ya pama ikamdondoka.

"Nilijua," akasema. "Chakula cha mtani kina harufu yake."

Mji mzima ulimwita Mzee wa Baraza, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wazee wawili waliokaa na hakimu kusikiliza kesi. Mimi nilimwita Mtani, na mpaka leo nikimkumbuka ni kwa jina hilo. Alipenda kueleza utani ulikotoka, hata kwa watu walioujua kumshinda. Zamani, alisema, babu zake Wanyamwezi walipobeba mizigo kwenda pwani walipita kwetu Ugogo wakiwa na njaa na kiu, na babu zetu wakawatoza kwa kila kata ya maji. Walipigana, wakachoka kupigana, wakazikana. Watu waliozikana hawawezi tena kuwa maadui, kwa hiyo wakawa watani, wakaruhusiana kutukanana, kunyang'anyana kuku, na kufanya vituko msibani asikasirike mtu. Kitu kikichukuliwa na mtani hakijaibiwa. Hiyo ni sheria, aliniambia, na ni ya zamani kuliko jengo hili unalofanyia kazi.

Mimi nilimwita mpagazi. Nikimwona anapanda ngazi za mahakama namwuliza mzigo ameutua wapi. Yeye aliniita ombaomba, na kila mvua ziliponyesha vizuri aliniuliza kama nyumbani wamepata habari, maana kwetu hawajawahi kuiona. Nilimfichia kofia, alinifichia kalamu. Katika mahakama ile yenye harufu ya wino na jasho la mahabusu, huo ndio ulikuwa uhai wangu, na sioni haya kusema nilimpenda kama baba mdogo.

Alikuwa na mambo yake. Koti halikuvuliwa hata mwezi wa kumi, joto la Tabora linapopasua kichwa, na lilinuka moshi kwa sababu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa porini kandokando ya njia ya zamani ya misafara, na siku zisizo za kesi alikuwa huko. Kila mshtakiwa aliyepandishwa kizimbani alimwuliza kwanza kama amekula. Hakimu wetu, kijana mwenye haraka aliyetoka masomoni, alimwambia mara nyingi kwamba swali hilo halimo katika sheria. Mtani alikubali kwa adabu, na mshtakiwa aliyefuata akamwuliza vilevile. Askari wakipaza sauti alifumba macho mpaka wamalize, kisha akasema mzinga haupigiwi kelele. Alisema hivyo pia kwa wanawake wanaogombana sokoni, kwa redio, na siku moja kwa mchungaji wake.

Mzee mwenzake barazani alikuwa seremala wa mtaa wa Ng'ambo, Mwislamu mpole aliyeanza kusinzia tangu shahidi wa kwanza. Akiamshwa atoe maoni alisema yupo pamoja na mwenzake. Kwa kuwa wazee wawili wakikubaliana walimshinda hakimu kwa kura, kesi nyingi za mji ule ziliamuliwa na Mtani akisaidiwa na usingizi.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alimfukuza nyumbani mwanawe wa kwanza kwa kupoteza shoka, na kijana aliporudi kuomba radhi alimwacha amesimama uani mpaka mvua ikamlowesha. Nilimwambia wazi kwamba huruma yake ni ya mahakamani tu, kama nguo za kutokea. Akasema Mgogo akishiba husema sana. Tena alikuwa Mmoravian wa kukaa viti vya mbele, hakugusa pombe hata ya harusi, lakini asali yake nyingi aliwauzia wanawake wa vilabu vya Ng'ambo waliopika wanzuki, pombe ya asali. Nilipomwuliza inakuwaje, alijibu kwamba yeye anauza asali. Wanachoifanyia huko ni shauri lao. Alijibu upesi mno, na mtu anayejibu upesi hivyo ameshajiuliza mwenyewe kabla yako.

Palikuwa na vijana wa aina fulani waliorudirudi pale mahakamani. Nilianza kuwatambua kabla sijajua nawatambua kwa nini. Walikuwa wadogo kuliko umri wao, macho yao membamba, na pale kati ya pua na mdomo, ambapo sisi wengine tuna kimfereji, wao palikuwa laini kama pamepigwa pasi. Wezi wa ajabu. Mmoja alichukua sufuria Mtendeni, saa za mchana, watu wakimwona, akakaa nalo mtaa wa pili akilipiga ngoma mpaka mwenyewe akaja. Wakikamatwa walilia kwa uchungu wa kweli, wakaahidi, na ahadi yao ilikuwa ya kweli pia. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamesimama palepale kwa kosa lilelile.

Sajini aliyekuwa akiwaleta aliwaita sugu. Alikuwa na methali moja na hakuichoka: mchovya asali hachovyi mara moja. Siku moja Mtani alimkatiza.

"Sajini, asali ni kazi yangu," alisema. "Anayechovya mara ya pili ameukumbuka utamu. Huyu hakumbuki. Hakumbuki utamu, na viboko vyako hakumbuki."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu aliyesimama kizimbani alikuwa Maganga, na mama yake alikuwa benchi la nyuma ameshika shati safi kwa mikono miwili, kama alivyofanya kila kesi, ili mwanawe akiachiwa asitoke na lile la mahabusu.

Mama huyo, Nyamizi, alikuwa mpika wanzuki Ng'ambo. Habari zake nilizipata kwa Mtani siku ambayo mvua ilitufungia barazani, na ndiyo siku pekee niliyomwona akizungumza bila kutania. Kazi ya mpika pombe, alisema, ni kuonja. Anaonja asubuhi kama imeumuka, anaonja mchana kama imekolea, na kwa desturi anaonja mbele ya kila mteja ili ajulikane kwamba hajatia sumu. Nyamizi aliposhika mimba ya Maganga aliendelea kuonja, maana wateja hawangepokea kata ambayo mwenyewe hajaitia mdomoni. Wanawake wenzake walimwambia wanzuki huongeza damu. Aliyekuwa akimpelekea asali ni Mtani, na yeye pia, akiona tumbo lile, alimwambia anywe, mtoto atatoka na nguvu.

"Mimi mwenyewe sijawahi kuonja hata tone," akaniambia, "nikamnywesha mtoto."

Aliwaza jambo hilo miaka mingi, akihesabu kichwani vijana wanaoletwa na vilabu walikotoka mama zao, mpaka akafikia neno lake: walileweshwa kabla ya kuzaliwa, na ulevi ule haujawatoka. Hakuna aliyemsikiliza. Hakimu alisema ni imani za kienyeji, na kusema kweli Mtani alichanganya na za kienyeji kweli, maana aliamini pia kwamba mzizi fulani ukichemshwa na kuogeshwa kichwani utauondoa ulevi huo, na alimwogesha Maganga mizizi mpaka nywele zikawa za kijani. Juzijuzi mjukuu wangu, muuguzi, ameniambia kwamba siku hizi madaktari wanaijua hali hiyo na wana jina lake, na kwamba pombe ya mama huuharibu ubongo wa mtoto tumboni, na mizizi haiurudishi. Nilitoka nje nikakaa peke yangu. Nilikuwa nimekasirika, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Kwa Maganga mizizi ilishindwa, lakini mengine aliyoyafanya Mtani yalifaa kitu. Alimpa neno moja moja. Ukimwambia Maganga achote maji, afunge mlango, amwite mama, alisimama katikati ya ua akitetemeka. Ukimwambia achote maji tu, alichota mpaka pipa likafurika. Alimpitisha njia moja kila siku, kutoka Ng'ambo mpaka Kanyenye, upande uleule wa barabara, akawaomba wenye maduka wamwite kwa jina. Siku ambazo hajafanya kosa lolote alimchukua mpaka kituo cha polisi wakakaa nje kwenye benchi, wakala karanga, wakarudi nyumbani. Nilipomwuliza maana yake alisema anataka askari wamzoee akiwa hajakosa.

Tatizo kubwa la Maganga halikuwa wizi. Lilikuwa kwamba alikubali kila alichoulizwa. Alitaka sana kumpendeza mtu aliyesimama mbele yake, na alikuwa amegundua kwamba watu wanapendezwa na neno ndiyo. Sajini akikosa wa kumpa kesi, alimpa Maganga. Siku ile alipoletwa kwa kesi ya baiskeli iliyopotea wakati yeye alikuwa kanisani na Mtani mwenyewe, mzee aliomba ruhusa ya kumwuliza mshtakiwa maswali mawili.

"Maganga, nani alijenga reli ya kwenda Kigoma?"

"Mimi."

"Uliijenga na nani?"

"Peke yangu," akasema Maganga, na akainamisha kichwa kusubiri adhabu.

Mahakama ilivunjika kwa kicheko. Hata hakimu alificha mdomo kwa jalada. Seremala aliamka, akauliza kuna nini, akaambiwa, akasema yupo pamoja na mwenzake. Kesi ya baiskeli ikafutwa, na Nyamizi akamvalisha mwanawe shati palepale mlangoni.

Bado zilibaki zile kesi za kweli, maana vitu kweli alichukua. Hapo ndipo Mtani alipotumia sheria yake ya zamani. Tabora ilijaa watu wa reli na askari na wafanyabiashara kutoka njia nzima ya misafara, Wagogo na Wazaramo, na hao wote kwa Mnyamwezi ni watani. Mlalamikaji akisimama, Mtani alimwuliza kwanza kama amekula, halafu kabila lake. Akiwa mtani, kesi ilikuwa imekwisha. Mpishi wa Kigogo alikuja kushitaki amevimba, akakumbushwa mbele ya watu kwamba anamfunga mtani wake kwa sufuria, akaona aibu, akatoka akicheka na kumtukana Maganga matusi ya kitani ambayo siwezi kuyaandika. Fundi nguo Mzaramo vilevile. Wasiokuwa watani Mtani aliwapelekea asali nyumbani kwao na kuwabembeleza.

Ila ilibidi kijana mwenyewe aseme. Hakimu alisisitiza kwamba utetezi utoke kwa mshtakiwa, si kwa mzee wa baraza. Basi Mtani alimfundisha. Alimfundisha msimu mzima wa mvua, njiani wakienda na wakirudi, wakipanda miti kutega mizinga, wakila. Anauliza: nani amechukua? Maganga anatakiwa kujibu: mimi, ni mtani wangu. Akikosea wanaanza upya bila kelele. Wiki nzima neno linakaa, wiki inayofuata limetoka kama halikuwahi kuingia. Nilipita kwao mara nyingi nikawasikia uani, sauti nzito na sauti nyembamba, swali na jibu, na Nyamizi akipepeta mtama pembeni huku midomo yake ikilisema jibu kimyakimya. Mwisho likashika. Halikutoka tena. Siku ya kwanza alipolisema kizimbani bila kusaidiwa, Mtani alitoa leso akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kisha likaja lile wimbi la watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Mjini walikusanywa wasio na kazi wapelekwe kulima, na jina la Maganga lilikuwa la kwanza kwa sajini. Nilikwenda kwa Mtani mbio nikidhani atatumia baraza kumzuia. Nilimkuta anamfungia kijana shuka na kibuyu cha asali. Alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha ile kabla wala baadaye. Alikuwa muumini wa ujamaa kwa moyo wake wote, na nisingemcheka kwa hilo, maana hata mimi nilikuwa muumini, na wengi waliocheka baadaye walipiga makofi wakati ule.

"Fikiri, Mgogo," aliniambia. "Huko kila kitu ni cha wote. Mtoto asiyejua kipi chake na kipi cha mwenzake atakosea nini?"

Nilifikiri, na niliona amesema kweli. Tulikwenda wote kumsindikiza. Nyamizi alilia, Mtani akamtania, Maganga akapunga mkono kutoka kwenye lori mpaka akawa haonekani.

Kwa muda habari zilikuwa nzuri. Kijiji kilikuwa upande wa magharibi, cha tumbaku, na Maganga alipewa kazi ya kuchochea moto katika bani, lile banda la kukaushia majani. Kazi moja, moto mmoja, mlango mmoja. Alilala humohumo kwa sababu ya joto. Mtani alimtembelea akarudi ananukia tumbaku badala ya moshi wa nyuki, na alisimulia jinsi wanakijiji wanavyomwita kijana Bwana Moto. Aliacha hata kuniita ombaomba kwa siku kadhaa.

Halafu tumbaku ya kijiji ikapotea, tumbaku iliyokwisha fungwa tayari kwa kupelekwa chama cha ushirika. Ilipotea kutoka bani lile. Mtu au watu walikuja na gari, wakamwambia Maganga afungue, akafungua. Wakamwambia asaidie kupakia, akapakia. Hayo yalisemwa baadaye na wanawake wa kijiji, kwa sauti ya chini. Mgambo walipofika walimwuliza swali moja, na Maganga akawapa jibu lake.

Kesi ya mali ya umma haikuja kwetu. Ilikwenda mahakama ya wilaya, na huko hakukuwa na baraza letu wala seremala wa kusinzia. Sheria yake ilikuwa ngumu, ile ya kifungo na viboko, vya kuingia jela na vya kutoka, na hakimu hakuachiwa nafasi ya kuhurumia. Umri wa kijana hakuna aliyeujua kwa hakika. Mama alisema alizaliwa miaka michache kabla bendera ya uhuru haijapandishwa, yaani alikuwa bado mtoto. Hakimu alimtazama nywele za kwapani akasema ni mtu mzima.

Niliomba ruhusa nikaenda. Tulikaa benchi la nyuma, Nyamizi na shati lake katikati yetu. Mtani alikuwa ameomba atoe ushahidi, akaambiwa hakuwepo kijijini hivyo hana la kushuhudia. Mwendesha mashtaka alisimama akamwuliza Maganga nani amechukua tumbaku ya kijiji.

Maganga alitutafuta kwa macho mpaka akatuona. Alitabasamu, tabasamu la mwanafunzi ambaye kwa mara moja katika maisha yake ameulizwa kitu anachokijua.

"Mimi," akasema. "Ni mtani wangu."

"Nani mtani wako?"

Hilo hakufundishwa. Alifikiri. "Kijiji," akasema.

Watu walicheka, kicheko tofauti na kile cha reli. Hakimu aliandika. Mtani akasimama, kofia mkononi, akasema kwa sauti ambayo kwa mtu aliyekataza kelele ilikuwa kelele: "Mheshimiwa, nakuomba umwulize nani alijenga reli." Akaamriwa akae. Akarudia, nani alijenga reli, mwulize tu, na kwa watu wa mle ndani alikuwa mzee aliyerukwa na akili. Askari wawili walimshika mikono wakamtoa nje. Alikuwa bado anasema maneno hayo mlangoni wakati Maganga anasomewa kifungo chake. Kijana alimsikia, na kwa kuwa lilikuwa swali, alilijibu kutoka kizimbani: mimi, peke yangu.

Nilimkuta Mtani nje kwenye ngazi. Nilitaka kumwambia chochote. Aliniwahi.

"Mali ya mtu ina mtani," alisema. "Ya kijiji haina kabila. Itakuwaje na mtani? Nilifundisha nusu."

Nilimwambia si yeye, ni wale wenye gari. Nyamizi alipita katikati yetu akiwa amelivaa lile shati begani kama kanga, akaenda zake kwa miguu. Mwaka ule ule alikufa, na wanaosema ni pombe iliyomwua waseme watakavyo.

Baada ya hapo Mtani hakukanyaga tena barazani. Aliacha kuuza asali vilabuni. Vilabu vikatumia sukari guru, na wanawake wakaendelea kuonja. Jela alikwenda kila waliporuhusu wageni. Lakini kilichoniuma mimi, na nakisema ingawa ni kidogo mbele ya hayo yote, ni kwamba aliacha kunitania. Tukikutana Kanyenye aliniita binti, akauliza hali ya wazazi, akaenda. Nilimwuliza siku moja, mpagazi, mzigo wako umeutua wapi? Akanitazama kwa upole, akasema hajautua.

Nikahamishwa kutoka Tabora, nikaolewa, nikazaa. Miaka ilipita mingi. Niliporudi kumzika baba niliuliza habari zake, nikaelekezwa porini kwenye njia ya zamani, karibu na mizinga yake. Nilikwenda asubuhi, nimevaa nguo za msiba. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya udongo, koti lilelile mwilini, na fimbo imeegemezwa ukutani. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Upande wa pili wa ua mtu mmoja mfupi mwenye mvi chache alikuwa anachota maji kutoka kwenye ndoo na kuyamimina ndani ya pipa lililokwisha kujaa, yakimwagika miguuni pake. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Shati lake lilikuwa limechanika mgongoni, na mgongo ule ulikuwa na alama mpaka kiunoni.

Sijui nilitaka nini. Labda nilikuwa nimetoka kumzika baba na nilimtaka yule mwingine anirudie. Katika msiba wetu mtani ana haki yake, na yeye hakuwepo kuidai. Basi badala ya kuamkia nilinyata, nikachukua fimbo yake, nikaificha nyuma ya kanga yangu, nikasimama kimya nikingoja atukane.

Alisikia fimbo ikiondoka ukutani. Akapapasa, akakuta hamna kitu. Uso wake ulianza kufunguka, naapa nilikiona kile kicheko cha zamani kikianza kuja kwenye pembe za mdomo wake, akauliza kwa sauti ya mchezo:

"Nani amechukua?"

"Mimi," ilisema sauti nyembamba kutoka kwenye pipa. "Ni mtani wangu."

Maganga alikuwa ameweka ndoo chini. Alikuja mpaka katikati ya ua, akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka pembeni. Kisha akalala kifudifudi kwenye tope lake mwenyewe, mikono mbele, akafumba macho.

Nilirudisha fimbo ukutani, ikaanguka. Nikasema shikamoo, mzee, ni mimi binti wa reli, nimekosa, nisamehe. Alinyoosha mkono akaigusa kanga yangu, akajua ni ya msiba, akanipa pole ya baba. Halafu akainuka, akatembea kwa kufuata pumzi za yule aliyelala chini mpaka mguu wake ukamgusa. Akapiga magoti. Akampangusa tope mgongoni kwa mkono wa koti, taratibu, alama kwa alama.

"Inuka, mwanangu, hakuna aliyeibiwa," akamwambia. "Hukuchukua wewe. Sema: sikuchukua."

"Sikuchukua," akasema Maganga.

"Vizuri. Nani amechukua fimbo?"

Maganga alimtazama, akatabasamu kwa kuwa analijua jibu.

"Mimi," akasema. "Ni mtani wangu."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia anachokisikia kila siku. Akanigeukia upande niliosimama, akaniomba nimsogezee kigoda, maana somo lao la asubuhi huwa refu. Nikamsogezea. Akakaa, akamshika Maganga mkono, wakaanza tena.